Kinyaa cha Mke wa Mtakatifu

Watu wa kazi yangu hawakitaji kinyaa. Unamwosha mgonjwa, unambadilisha pampasi, unamkausha kwenye mikunjo ya mapaja asije akachubuka, na muda wote uso wako unatakiwa uwe kama wa mtu anayekunja nguo zilizokauka. Wakala wa kazi alitufundisha hivyo kabla hata hajatugawia glavu. Lakini kinyaa kipo, jamani, tusidanganyane. Unakimeza asubuhi, kinapanda mchana, unakimeza tena. Nimemeza vingi. Kikubwa kuliko vyote nilikipata kanisani, mchana kweupe, nimevaa gauni langu zuri, watu wakinipigia makofi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tunakaa Landover, Amerika, karibu na Washington, mimi na mume wangu na watoto wetu wawili, na Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa navuka mto kwenda Arlington kumtunza bibi mmoja wa Kihindi aliyevunjika nyonga. Aliishi kwa mwanawe, ghorofa ya sita. Nyumba nzima walimwita Ba, ndiyo mama kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa kile Kiingereza changu cha kazini, chenye tabasamu. Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"We umetoka wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nusura nikae juu ya beseni. Kumbe marehemu mumewe alikuwa na duka Korogwe, na yeye mwenyewe alikaa nyuma ya kaunta miaka arobaini akiuza khanga, mafuta ya taa na sukari ya kupima. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta: kifupi, cha kuamuru, hakina tafadhali. "Leta maji." "Si hayo, ya moto." "Sugua, unaogopa nini?" Nilimzoea haraka, maana hakujifanya malaika na wala hakutaka mimi nijifanye.

Kwenye rafu iliyotazamana na kitanda chake palikuwa na picha mbili za mtakatifu wao, mtu wa kijiji cha jirani na kwa bibi yake, huko Gujarat, aliyesifika kwa kuwalisha wasafiri. Picha moja ilikuwa kuukuu, nyeusi na nyeupe, ametoka nayo Korogwe: mwanamume wa kilemba, fimbo mkononi, peke yake. Ya pili ilikuwa ya rangi, kubwa, ya fremu ya dhahabu, na mkwewe, mke wa yule mwanawe, ndiye aliyeileta. Humo mtakatifu amekaa na mkewe. Mke amenawiri, ana bangili karibu hadi kwenye viwiko, anatabasamu kama anayetangaza dawa ya meno.

Ba alikuwa hawezi kuitazama ile ya pili bila kusonya.

"Huyu nani?" aliniuliza siku moja nikimkausha mgongo. "Mke wa meneja wa benki huyu. Mke wa yule mtu alikuwa anasaga ngano toka alfajiri, wageni hawakatiki mlangoni. Mkono wa kusaga unavaa bangili zote hizo?"

Nikamwambia mimi hata sijui kisa chenyewe. Akanisimulia. Siku moja alikuja mzee mgeni, mtu wa dini wa kutangatanga, dhaifu, mgonjwa. Mtakatifu akamkaribisha chakula. Mzee akakataa. Akasema chakula si shida yake, shida yake ni mtu wa kumtunza uzeeni, basi wewe unayejulikana kwa kutoa, nipe mkeo. Mtakatifu akaingia jikoni, akamwambia mkewe. Mke akatoka, akamfuata mzee. Walipofika porini mzee akasema shika fimbo yangu na mkoba wangu, ningoje hapa, narudi sasa hivi. Hakurudi. Kumbe alikuwa Mungu, amekuja kuwapima. Mke akarudi nyumbani na fimbo na mkoba, na mpaka leo watu wanasafiri kwenda kuvisujudia vile vitu viwili.

"Na mke alisemaje alipoambiwa?" nikauliza.

"Inategemea umesikia lini."

Alipokuwa mtoto, bibi yake akisimulia jikoni, mke hakusema kitu. Alipangusa unga mikononi, akatoka. Basi. Ba alipoolewa na kuletwa Korogwe akakuta wanawake wa kule wana wimbo wao wa ibada, na ndani ya wimbo mke anamwambia mumewe kwamba neno lako ndilo mungu wangu. Wakifika hapo walikuwa wanatoa leso. Na sasa, Amerika, mkwewe alikuwa kwenye kamati ya sikukuu ya mtakatifu, na kamati imechapisha kijitabu cha Kiingereza kwa ajili ya vijana waliozaliwa hapa. Katika kijitabu mke anajitolea mwenyewe. Mume hata hajamaliza kueleza, yeye keshafunga safari, eti ni mshirika mwenzake katika huduma.

"Kila nikihama nchi wanamwongezea maneno mdomoni," Ba akasema. "Mtu alikuwa bubu Gujarat, hapa anahutubia."

Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Yeye hakucheka.

"We unaijua kazi hii, hebu niambie. Yule mzee ni mgonjwa, mchafu, ametembea jua lote lile. Nani angemwosha? Si yule mwanamke? Hakuna wimbo wala kitabu kinachosema kama alimwonea kinyaa." Akaangalia ukuta. "Na wewe? Mimi unanionea?"

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisimama na taulo mkononi, yale mafunzo ya wakala yote yamenitoka.

"Siku zingine ndiyo, Ba," nikasema.

"Ehe. Vizuri. Haya, nigeuze upande huu."

Wiki hiyo hiyo ilifika barua niliyoingoja miaka miwili. Chuo cha kaunti kimenipa nafasi ya kusomea uuguzi. Masomo ni Jumamosi kutwa na jioni mbili za katikati ya wiki, yanaanza Januari, na asiyefika Jumamosi ya kwanza nafasi yake anapewa anayesubiri. Nilikuwa nimeomba mara mbili nikakataliwa. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa beseni. Nilitaka kuwa mtu anayesoma faili la mgonjwa na kuulizwa maoni yake. Mume wangu aliisoma barua kwa sauti mezani, akafumba macho akamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Naomba mkumbuke kwamba aliisoma.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na mtu wa watu kwelikweli. Akiona gari la mtu limekwama barabarani anasimama, anavua koti, anaingia chini ya gari, na watoto wake wapo nje ya lango la shule kwenye baridi wanamngoja. Kila mtu alikuwa ananiambia nimebahatika. Nilikuwa najibu amina.

Ushirika wetu wa Waswahili ulikuwa unapanga ukumbi wa kanisa la wenyeji, tunaingia wao wakitoka. Tulikuwa Watanzania wengi, Wakenya wa bara, na Wakongo kiasi waliotushinda wote kwa ngoma. Na tulikuwa na desturi moja tuliyosafiri nayo kutoka nyumbani, Jumapili ya ahadi. Mtu anasimama anataja atakachomtolea Mungu mwaka huo: huyu kupika, yule kuwaendesha wazee kwenda hospitali. Ukitajwa wewe, unasimama uombewe. Ukisimama umekubali. Katibu anakuandika kwenye orodha inayobandikwa mlangoni, na haifutwi mpaka Jumapili ya ahadi nyingine.

Sasa mwaka ule mchungaji wetu mzee, aliyeanzisha ushirika, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa. Alikuwa anakaa Oxon Hill na mwanawe wa kiume, jitu zima la miaka thelathini na kitu, na wote tulikuwa tunajua anahitaji mtu wa kumwosha. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nachezea kamba ya mkoba wangu, mume wangu aliposimama.

"Mimi na nyumba yangu," akasema, "tumeomba, tumejadiliana, tumeona tumtoe mama watoto. Ana kipawa cha kuhudumia. Jumamosi zote, na jioni mbili katikati ya wiki, atakuwa kwa Baba Mchungaji, mpaka Bwana atakapomwinua."

Tumejadiliana na nani? Na nani, jamani? Asubuhi ile tulichojadiliana sisi ni soksi ya mtoto iliyopotea.

Makofi yakalipuka. Vigelegele. Mtu akapiga ngoma. Watu wakageuka kunitazama kwa yale macho ya kulegea, macho ya kumtazama mwali, na mimi, nguruwe wa kufugwa, nikasimama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho. Hakuna aliyenishika kwapani kuninyanyua. Nimelelewa hivyo, ukiitwa mbele za watu unasimama, miguu ilisimama kabla yangu. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea roho ya upole, na harufu ya marashi na jasho la watu wema ikanijaa puani. Ladha ikapanda kooni, chungu. Nikaimeza. Katibu akaandika.

Ndani ya gari nilimuuliza, "Na shule?"

"Shule haikimbii, mke wangu. Mwakani itakuwepo."

"Nafasi inakimbia. Uliisoma ile barua mwenyewe."

"Umesimama mbele ya kanisa zima," akasema, tena kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa unanitia kichaa. "Ungekuwa hutaki ungekaa."

Binti yetu, aliyekuwa nyuma, akauliza kwa Kiingereza kama sasa mimi sitakuwa nesi tena. Baba yake akamwambia mama yako atakuwa zaidi ya nesi. Khaa! Niliangalia nje mpaka tulipofika.

Nikaanza kwenda Oxon Hill. Sitaki kumsema vibaya mgonjwa kwa ugonjwa wake. Mwili ni mwili, na wangu utafika huko. Ninayemsema ni mwenye mwili. Mchungaji alikuwa amepoteza mkono na mguu, ulimi ulibaki mzima kabisa. "Taratibu, wewe! Unaosha sufuria?" Wakipiga simu watu nyumbani Tanzania, simu nimemshikia mimi sikioni kwa mkono mmoja na mwingine una kitambaa cha kinyesi, anawaambia Bwana amemletea mjakazi. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Na yule mwanawe anakaa sebuleni anatazama mpira wa Kimarekani, bakuli la kuku juu ya tumbo. Nikipita na ndoo ananyanyua miguu ili nipite. Huo ndio msaada wote niliopata katika nyumba ile, miguu kunyanyuliwa. Nilimwomba siku moja anishikie baba yake mgongoni nimgeuze. Akakunja pua, akasema yeye hawezi, anasikia kinyaa.

Yeye anasikia kinyaa!

Nilitoka nikasimama barazani nikapumua kama niliyekimbia. Alikuwa amelitamka kirahisi tu, kama mtu anayesema hali pilipili, na ndani mle hakuna aliyemshangaa. Mimi ningelitamka, ushirika mzima ungenikemea pepo. Nikarudi ndani nikamgeuza mwenyewe, na mgongo wangu ukaniuma siku tatu.

Kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja na vyakula kumwona mgonjwa. Wanakaa mbali na kitanda. Wananiambia, "Dada, una moyo, mimi singeweza." Wanaondoka. Nilianza kuchukia sauti ya mtu kunisifu. Mtu akianza tu "mama, we una moyo," nachukua ndoo natoka.

Nilimwambia Ba. Sikukusudia, yeye ndiye aliyeona ninavyomgeuza nikiwa nimeuma meno.

"Walikuuliza?"

"Hapana."

"Ukasimama."

"Nikasimama, Ba."

Hakunipa pole, hakuwa mtu wa pole. Alichezea ncha ya sari yake. Kisha akasema alikuwa na yaya Korogwe, miaka ishirini, mwanamke aliyemlelea watoto wote wanne. Walipohama dukani alimwambia aje Dar es Salaam nao, na yule akaja. "Alikuwa na watoto wake. Wadogo. Sikumuuliza wamebaki na nani." Akanitazama usoni. "Na mimi nilikuwa nasimulia watu, yaya wangu alitupenda sana, hakutaka kutuacha."

Ningemwambia haya yamepita, ningekuwa mwongo. Mama yangu mdogo mwenyewe alikuwa yaya wa watu. Nilimfunga vifungo vya blauzi, nikamchania nywele. Siku hiyo tulichukiana kidogo, na kesho yake tukaendelea.

Ilipokaribia sikukuu ya mtakatifu, baada tu ya ile sikukuu yao ya taa, mkwewe, siku yake ya mapumziko, alikuja chumbani na kinasa sauti. Kamati ilikuwa inataka sauti ya mzee aliyekulia karibu na kile kijiji, asimulie kisa cha mke, vijana wasikie kwenye sherehe. Yule mkwe alikuwa mwanamke mwema, niseme kweli. Mfamasia, anasimama kazini kutwa, akirudi anapika chapati za watu sita. Alimwekea Ba mto mgongoni, akamwekea maji, akabonyeza kaseti.

Ba alisimulia kwa lugha yao, na kila baada ya sentensi mbili alikuwa ananigeukia kunifasiria, mkwe anakosa raha. Alisimulia kama bibi yake alivyosimulia jikoni, mpaka mwisho ambao hata mimi hakuwa ameniambia.

"Mungu aliona haya," akanifasiria. "Alitegemea yule mwanamume atasema hapana. Alikuja kupima, na mume akafeli mtihani. Alipogeuka nyuma akaona mwanamke wa watu anamfuata, mikono bado ina unga, akaona haya, akatoroka. Unafikiri kwa nini fimbo na mkoba vilibaki? Mtu anayeaga vizuri anasahau vitu vyake?"

Mkwe akabonyeza kitufe. Akasema maneno ya taratibu, ya kubembeleza, na sikuhitaji mkalimani, ile sauti naijua: watoto wataelewa vibaya. Akarudisha kaseti mwanzo. Akafungua kile kijitabu cha Kiingereza, akaketi palepale kwenye ukingo wa kitanda, na akasoma yeye juu ya maneno ya Ba, kwa sauti nzuri ya redio, jinsi mke alivyojitolea kwa furaha. Nilimtazama akisoma. Mikono yake ilikuwa bado ina unga wa chapati kwenye kucha. Nilichukizwa naye kuliko mume wangu, kuliko lile jitu la Oxon Hill. Hao walikuwa na faida yao. Yeye kile kisa kilikuwa chake, na amekifuta kwa kidole chake mwenyewe.

Ba aligeukia ukutani. Chakula cha mchana hakukigusa.

Desemba tukawa na ibada ya shukrani. Mchungaji akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa suti niliyomvisha mimi, tai nimemfunga mimi. Mume wangu akaitwa kutoa ushuhuda. Bado wiki nne masomo yangu yaanze, na kwenye ile orodha ya mlangoni Jumamosi zangu zote zilikuwa zimeandikwa jina la mtu mwingine.

"Watu wa Mungu," akasema mume wangu, "naomba niwaambie siri ya nyumbani kwangu. Huyu mama alinijia mwenyewe. Machozi yanamtoka. Akaniambia, baba watoto, niache nimtumikie mtumishi wa Bwana. Shule nitasoma mbinguni."

Shule nitasoma mbinguni!

Nilimwangalia mdomoni nikitafuta aibu. Hapakuwa na aibu. Mungu nisamehe, nadhani alikuwa anaamini. Miezi mitatu tu, mimi hai, nimekaa mita tano kutoka kwake, na tayari nimeshapewa machozi na maneno. Nikizeeka watanitilia na bangili. Na watu wakawa wanafuta macho, dada mmoja akasema "Yesu!" na kutetemeka, na ile ladha chungu ikanijaa mdomoni kiasi kwamba nilifungua mkoba nikidhani natapika kweli.

Kiongozi wa ibada akasema mama aje mbele aseme neno.

Nikaenda. Nikapewa kipaza sauti. Njiani kutoka safu ya tatu nilikuwa nimeandaa matusi, tena ya kwetu, ya kuanzia kwa babu. Lakini nilipogeuka nikawaona wote wanatabasamu, wananingoja niseme ile asante yangu, nikajua nikitukana watasema nina pepo na itaishia hapo.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mume wangu ametoa siri ya nyumbani, na mimi nitoe yangu. Mimi na nyumba yangu tumeomba, tumejadiliana, tumeona tumtoe baba watoto. Anapenda watu, nyote mnamjua. Kuanzia Januari, Jumamosi zote na zile jioni mbili, atakuwa Oxon Hill akimwosha Baba Mchungaji, yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mpaka Bwana atakapomwinua." Nikamgeukia. "Simama, baba watoto, uombewe."

Mume wangu alikuwa ameshika kingo za kiti. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwangalia mchungaji. Halafu, na yeye kalelewa, akasimama.

Kutoka nyuma kabisa dada mmoja Mkenya, nesi wa zamu za hospitali, akapiga kigelegele kirefu. "Aki umeweza!" akaita. Mkongo wa ngoma akafuata, "Amen, maman!" na basi, watu wenyewe ni wa kufuata, ukumbi wote ukaitikia. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani. Mchungaji akainua mkono wake mzima akasema amina. Nani atamwosha halikuwa jambo lake. Katibu akafungua daftari, akanitazama, akaandika.

Ndani ya gari, tulipokaribia nyumbani, mume wangu alinigeukia.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

Nadhani alijisikia mwenyewe, kwa sababu aliwasha redio.

Jumamosi ya kwanza ya Januari nilikaa darasani safu ya mbele. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi, na nilipoulizwa jina nilitaja yote matatu. Nikarudi nyumbani alasiri. Mume wangu alikuwa mezani, amerudi kutoka Oxon Hill, mikono myekundu kwa kusuguliwa, inanuka dawa ya choo. Mbele yake ugali na mchuzi wa samaki aliokuwa ameachiwa, hajaugusa. Alikuwa ameoga mara mbili, binti yetu akaniambia.

"Ilikuwa hivi kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Yule kijana alinyanyua miguu nipite."

Nikavuta kiti, nikakaa. Akaisukuma sahani mbali naye, akafunga mdomo kwa kiganja, akakaa hivyo. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza jambo la daktari, kile kinyaa huwa kinaisha baada ya muda gani.

Nikamwambia hakiishi. Nikavuta ile sahani yake, nikanawa, nikala.